Mafundi wa AC Mtwara: gesi mmenijazia mara tatu, filta hamkuwahi hata kuigusa!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na kucha bado nyeusi, kwa hiyo mnivumilie.

Gari ni Toyota Allion, niliiagiza Japani ikafika 2019. Tangu mwaka juzi AC inanitesa. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, siitaji jina, wenyewe wanajijua. Fundi akawasha, akaweka kiganja penye upepo, akatikisa kichwa: "Bosi, gesi imeisha." Hakupima chochote. 60,000 ikatoka. Miezi mitano mbele, yaleyale, 60,000 nyingine. Mara ya tatu 60,000 na juu yake 35,000, imeandikwa kwa mkono kwenye risiti: "filta ya AC", yaani kile kichujio cha hewa inayoingia ndani ya gari. Risiti ninayo. Wiki iliyopita wimbo umebadilika, eti kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, imekufa, niandae 480,000.

Jamani, gesi ya AC haiishi kama petroli! Inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikiwa inapungua kila baada ya miezi michache, ujue kuna mahali inavuja, na anayeongeza bila kutafuta panapovuja anakutengeneza uwe mteja wa kudumu. Na ikizidishwa, anayeumia ni hiyohiyo kompresa.

Kilichonifumbua macho ni safari ya Lindi. Nimetoka Mtwara AC safi kabisa. Kufika Mnazi Mmoja upepo hakuna. Feni iko namba nne, inanguruma kama mashine ya kukoboa, lakini ukiweka tishu kwenye tundu la hewa haitikisiki. Nikapaki, nikanywa chai na chapati mbili. Kurudi nakuta maji yamemwagika dimbwi zima chini ya gari upande wa abiria. Nawasha, upepo huo, baridi mpaka vidole! Sasa gesi iliyoisha inarudije mtu akinywa chai? Kumbe ilikuwa barafu. Hewa ikipita kidogo mno, unyevu wetu huu wa pwani unaganda kwenye evaporeta, kile kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi, mpaka inaziba, ukizima inayeyuka.

Jirani yangu, dereva wa malori ya makaa ya mawe yanayoshusha bandarini, akaniuliza swali moja tu: "Filta umeitazama kwa macho yako?"

Jumamosi asubuhi nikaitazama. Bisibisi sikushika. Unatoa makorokoro yote kwenye droo ya dashibodi mbele ya abiria, unachomoa kile kimkono cha pembeni kinachoizuia isidondoke ghafla, unazibana kuta zake mbili kwa ndani, droo inalala yenyewe. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki, unabonyeza vibanio, unavuta. Basi.

Kilichotoka, wakuu, sijui nikiite nini. Mikunjo haionekani, imejaa kitu kama blanketi la vumbi jekundu la njia ya Newala lililochanganyika na weusi. Majani makavu, bawa la mende, harufu ya godoro lililonyeshewa. Na mke wangu alikuwa anakohoa kila tukipanda, tukawa tunalaumu marashi! Nikaigeuza pembeni, kuna tarehe imeandikwa kwa kalamu: 2017.6. Gari haijapanda hata meli! Sasa ile 35,000 walibadilisha filta ipi?

Mpya nimeipata duka la spea kwa 25,000. Nikafuta vumbi kwenye kasha lake, nikaichomeka, mshale ukiwa umeelekea hewa inakokwenda (hapo msikosee, wengine wanaipachika kichwa chini). Dakika kumi, na tano kati ya hizo natafuta kimkono kilipodondokea. Feni namba mbili sasa inanipa upepo kuliko namba nne ya zamani. Siku ya nne leo, kompresa "iliyokufa" inapoza kama kawaida.

Na msiniambie ningeiosha. Ile ni karatasi, ukiilowesha umeiua. Mnaopita vumbi kila siku msingoje mwaka uishe, fungueni mtazame. Upepo ukiwa mwingi lakini wa moto, hapo ndipo muanze kuwaza gesi. Upepo ukiwa haba huku feni inapiga kelele, anzeni na filta.

Jana ile filta ya zamani nimeipeleka gereji ndani ya kiroba, nikaiweka mezani pamoja na risiti. Fundi kaiangalia, kacheka, ananiambia, "Labda hiyo ni ya gari nyingine, mkuu." Nimemwambia 35,000 yangu naitaka kabla ya Ijumaa, na kiroba nimemwachia palepale juu ya meza. Picha ya filta na risiti ninazo kwenye simu. Aliyewahi kulipishwa filta ambayo hakuwekewa na mafundi wa mji huu aje hapa aseme, na atuambie kama alirudishiwa.