Red House ya William Morris: inamfaa seremala?

FundiRanda ameuliza:

Habari zenu wakuu. Mimi ni seremala, niko Uingereza mwaka wa nne sasa, natengeneza makabati na ngazi. Mwezi ujao nitakuwa London na Jumamosi moja tu ya mapumziko, na nataka niitumie kwenda Red House kule Bexleyheath, nyumba ambayo msanifu majengo Philip Webb alimsanifia rafiki yake William Morris, yule mbunifu wa mapambo ya nyumba, mwaka 1859. Morris alihamia mwaka uliofuata akiwa na miaka 26, na baada ya miaka mitano tu akaondoka.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kila anayeisimulia anasema samani nyingi zilishatoka, vyumba vimebaki wazi wazi. Sasa kwa mtu anayetaka kuona kazi ya mkono, niende huko au nipande treni hadi Standen, Sussex, ambako naambiwa nyumba imejaa? Bustani nazo napenda, ila sitaki kwenda kuonyeshwa nyasi zilizokatwa. Aliyefika aniambie alichokiona.

SindanoNaUzi:

Kaka, nenda Red House. Nimefika mara tatu na nitarudi tena.

Ukiingia usitafute viti kwanza. Panda ngazi taratibu, ukiinua macho darini. Kuna mapambo ya rangi yanayojirudia, na mwanga ukija kwa pembeni utaona vitobo vidogo kwenye lipu. Walivitoboa lipu ikiwa bado mbichi, wakifuata mchoro, ili mwenye brashi ajue pa kupita. Mimi nadarizi, na kazi zangu huanza vivyo hivyo: natoboa karatasi ya mchoro kwa sindano, naitandika juu ya kitambaa, napitisha unga wa chaki, mchoro unabaki chini kwa nukta nukta. Siku ya kwanza nilipoviona vile vitobo nilisimama pale mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaniomba njia. Miaka zaidi ya 160 imepita, na bado unaona mtu alipogusa.

Kwa upande wako wewe wa mbao, ngazi yenyewe ni ya mwaloni, na nguzo zake za konani zinapanda na kuchongoka kama minara. Halafu ghorofani, sebuleni, kuna benchi-kabati kubwa mno. Morris alilitoa alikokuwa amepanga, Red Lion Square, na hapa likaongezewa kijukwaa juu na ngazi yake ya kupandia. Kwenye kuta za chumba hicho hicho mchoraji Edward Burne-Jones, rafiki wa Morris, alichora picha za harusi ya hadithi ya kale. Chini ukumbini kuna kabati jingine ambalo Morris mwenyewe alianza kulichora na hakulimaliza. Mimi nalipenda kuliko yaliyokamilika, maana unaona alikoanzia.

Usipite haraka chumba cha kulala. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba nyuma ya kabati kubwa la nguo kumegunduliwa picha ya ukutani: Adamu na Hawa, Nuhu na safina mkononi, Yakobo na ngazi yake, na Raheli. Imechorwa ionekane kama pazia lililotundikwa, na mikunjo yote. Rafiki walikuja wikendi, wakapewa brashi, wakachora. Nyumba yote ilipambwa hivyo, na ndiyo sababu mwaka 1861 wakafungua kampuni ya kufanya kazi hizo kwa kulipwa.

Kitu kimoja kinaniuma. Jane, mkewe Morris, alikipata dukani London kitambaa cha sufu cha buluu, wakakaa wawili wakakidarizi vishada vya maua kwa ajili ya kuta za chumba chao. Hakipo tena pale. Kiko Kelmscott Manor, nyumba yao ya baadaye.

MzeeWaMajani:

Salaam. Dada hapo juu kaeleza vizuri, lakini mimi ningemwelekeza kijana Standen. Webb alipojenga Red House alikuwa bado kijana. Standen aliijenga kati ya 1891 na 1894, kwa ajili ya wakili wa London, James Beale, mkewe Margaret na watoto wao saba. Familia iliitunza mpaka ilipopita kwa National Trust, shirika la kutunza majengo ya kihistoria, miaka ya 1970, kwa hiyo karatasi za ukutani, mazulia, taa za umeme za tangu mwanzo, vyote utavikuta mahali pake.

Kuhusu bustani: mawe ya kujengea yalichimbwa papo hapo, na shimo lililobaki likafanywa bustani ya majimaji na kangaga. Nimefanya kazi ya bustani miaka mingi, na sijaona shimo la machimbo lililopata matumizi mazuri kuliko lile. Ukisimama juu yake unaona nyumba ilikotoka.

SindanoNaUzi:

Mzee wangu, sikupingi kwa shimo. Ila kwa bustani Red House nayo ina neno. Kiwanja kilikuwa shamba la matunda, na Webb aliipenyeza nyumba katikati ya mitofaa ili ikatwe michache iwezekanavyo. Wageni wa enzi hizo walikumbuka matofaa yakiangukia ndani kupitia madirisha yaliyoachwa wazi usiku wa joto. Morris aliigawa bustani vipande vya mraba kwa nyua za fito zilizosukwa, mawaridi yakipanda juu yake. Nyua zile ndizo zilizompa mchoro wake wa karatasi ya ukutani wa 1862, wa fito na mawaridi. Ndege wa kwenye mchoro huo wamechorwa na Webb.

Kisima bado kipo uani, na paa lake la vigae lililochongoka kama pia iliyopinduliwa.

Abiria_wa_Kusini:

Fundi, la muhimu: angalia siku za kufunguliwa na uweke nafasi mapema, nyumba ni ndogo. Kutoka stesheni ya Bexleyheath unatembea kama robo saa katikati ya mitaa ya kawaida kabisa, usidhani umepotea. Vaa nguo nzito, vyumba vikuu vinatazama kaskazini. Baridi hiyo na safari ndefu za kila siku kwenda kazini London ni miongoni mwa yaliyomchosha Morris. Aliugua sana 1864, mwaka uliofuata wakahama.

FundiRanda:

Nimerudi wakuu. Nilienda Red House.

Dada, vitobo nimeviona. Mhudumu wa zamu aliponiona nimeganda chini ya dari alinisogeza pale mwanga unapokaa vizuri, na vikajitokeza vyote. Nguzo za ngazi nimezitazama kutoka kila kipandio. Benchi la juu nililikuta na watoto wawili wanauliza kama wanaruhusiwa kupanda kile kingazi. Hawaruhusiwi, na niliwaonea huruma, maana nami nilitaka.

Mzee, Standen nitakuja majira ya kuchipua, kangaga wakianza kukunjuka. Dada, na hiyo Kelmscott hufunguliwa lini? Nataka kukiona kile kitambaa.

SindanoNaUzi:

Aprili hadi Oktoba, kaka, wakati wa baridi hufungwa. Ukifika sogea karibu utazame nyuzi. Mishono ni mirefu na mikubwa, ya watu waliokuwa bado wanajifunza.