Mliotoka kwenye hema mkahamia RV (gari au trela la kulala ndani), nini kiliwahamisha?

Msafiri_wa_Kaskazini

Wakuu habari za wikiendi. Leo nilikuwa nasafisha gereji nikakuta lile hema letu la kwanza, la kijani, la watu wanne, limekunjwa vibaya vilevile kama nilivyolitupa, nikafungua zipu harufu ikatoka, moshi wa kuni na nailoni na unyevu wa zamani, aisee nilikaa chini kwenye sakafu mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Tulifika Minnesota, hapa Marekani, 2011, hela ya kubangaiza, watoto wawili wadogo, na kutoka nje ya mji kwetu kulikuwa ni hema tu hakuna kingine tulichokimudu. Nilikuwa nawapeleka hifadhi ya Itasca, pale mto Mississippi unapochomoka ziwani, mto mkubwa vile lakini pale unauvuka kwa kukanyaga mawe. Watoto wanavuka wanarudi, wanavuka wanarudi mpaka meno yanagongana kwa baridi. Usiku tunabanana wanne, mbu wa Minnesota mnawajua wenyewe, nikishtuka usingizini nasikia pumzi za wote watatu bila hata kuwasha tochi, najua huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu mama yao. Hicho ndo kilichonikalisha chini leo.

Alafu 2018 tukaenda hifadhi ya Badlands kule South Dakota. Pale kambini miti ya kukinga ni ya kutafuta, upepo ukaanza saa nane usiku, fito moja ikakatika ikatoboa kitambaa, nikaushikilia upande mmoja kwa mikono na mke wangu akalalia upande wa pili, hivo hivo mpaka kunakucha. Asubuhi mgongo haunyooki. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja na mkewe na katrela kao, wakatuita kahawa. Mle ndani kuna joto, kuna meza, kuna sinki linatoa maji. Mke wangu akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili akafumba macho, hakusema neno lolote. Mwaka uliofuata tukanunua trela la mtumba la futi 22.

Raha ipo, siwezi kukufuru. Kitanda, hita, choo kipo hapo hapo usiku hutafuti viatu. Ila watoto wana vitanda vyao kule mwisho, kuna pazia, kila mtu na simu yake, na zile pumzi sizisikii tena. Naomba kuuliza, nyie wenzangu nini kiliwahamisha, na kuna kitu mlikiacha kule mnakitafuta mpaka leo?

Mama Zawadi

Kaka umenigusa sana. Kilichonihamisha mimi ni mama yangu mzazi. Alikuja kututembelea hapa Denver kutoka Moshi, miaka 74, magoti yamechoka, na sisi kwa ujuha wetu tukampeleka kulala kwenye hema tukaona ndo kumuonyesha nchi. Kumuinua kutoka chini ilibidi tuwe wawili. Kesho yake ndo nikagundua kwamba toka saa kumi jioni hakunywa hata tone la maji, kisa choo kilikuwa mbali na hakutaka kutuamsha usiku. Mama hakulalamika hata kidogo, ni mimi nilivyoona chupa yake imejaa vilevile. Nililia.

Safari iliyofuata tukakodi RV, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, tukaenda hifadhi ya Yellowstone mwanzoni mwa Juni, tukalala kambi ya Fishing Bridge. Na pale kaka hema hairuhusiwi kabisa, hata yale matrela ya kukunjua yenye kuta za turubai hayaruhusiwi, lazima kuta ngumu kwa ajili ya dubu wale wakubwa, grizzly. Maana yake kwa hema ule usiku tusingeupata.

Saa kumi na moja alfajiri nasikia mama ameshaamka, amebandika chai ya tangawizi kwenye gesi, harufu gari zima. Akavuta pazia. Akaniita kwa sauti ya chini, kwa lile jina langu la utotoni ambalo sijalisikia miaka, njoo uone. Nyati wao, bison, amesimama hatua chache kutoka dirishani, umande umemgandia mgongoni, anapumua mvuke. Mama alikaa pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa na yeye chai ya baridi hainywi maishani mwake. Mpaka leo nikipiga simu Moshi ananiuliza, yule mnyama bado yupo pale?

Kwa hiyo mimi hema silikumbuki kwa kweli. Unakumbuka wanao walivyokuwa wadogo kaka, na hao hata ungebaki kwenye hema wangekua tu.

Fundi_Gesi

Mama Zawadi umeongea. Mimi niongezee upande wa ufundi maana najua kuna watu watasoma hapa kesho wanaenda kuchukua mkopo.

La kwanza uzito. Trela likiwa limefungwa kwenye pikapu, asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake ikae puani, kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia. Safari yangu ya kwanza nilipakia jenereta na madumu ya maji nyuma kabisa, kufika Nebraska kwenye barabara kuu ya I-80 upepo wa lori lililotupita ukaligusa, likaanza kutikisa mkia kushoto kulia na mimi niko maili 65 kwa saa na familia ndani. Niliachia mafuta nikabana breki za trela kwa mkono, zile za swichi, likatulia. Sikuongea tena mpaka tumefika. Pakieni vizito mbele jamani, nawaomba.

La pili umeme. Ile soketi ya ampea 30 inakupa wati 3,600 basi. Ukiwasha AC, maikrowevu na birika la umeme kwa mpigo, breka inaruka na siyo kwamba trela ni bovu. Na tangi la choo usiache valvu wazi eti kwa vile umeunganisha bomba kambini, maji yanatoka mazito yanabaki yanaganda chini, subiri lijae ndo ufungue. Kwa nyie wa Minnesota kabla ya baridi toa maji yote kwenye mabomba uweke antifrizi ile ya pinki, dawa ya kuzuia mabomba kuganda, ukisahau mwaka mmoja tu unabadilisha mabomba yote.

Kasia_Moja

Mimi bado nipo kwenye hema na sijashawishika, samahanini wakubwa zangu. Ila mkuu Msafiri mbona jibu lako liko karibu na wewe, Boundary Waters iko hapo hapo Minnesota, maziwa zaidi ya 1,000, unaingia kwa mtumbwi na kasia, RV hata ukiipenda vipi haifiki huko. Trela liache liwe la safari za familia, lakini mara moja kwa mwaka chukua vijana wako siku tatu, simu zenyewe huko mtandao hakuna. Mtabanana tu hamna jinsi. Wahi kibali mapema, na kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9.

Msafiri_wa_Kaskazini

Asanteni sana wote. Mama Zawadi hilo neno la mwisho nimelisoma mara tatu, nikamsomea na mke wangu, akasema ndo alichokuwa anataka kuniambia pale gereji akanionea huruma. Shikamoo kwa mama Moshi.

Kasia_Moja nimemuuliza mkubwa wangu, ana miaka 18 saivi, nilijua atakataa. Akaniuliza lile hema zipu yake bado inafunga? Tumelisimamisha nyuma ya nyumba likauke, fito iliyokatika tumeiungia kwa tepu linaegemea upande. Fundi hivi hizi fito za faiba zinauzwa kipande kimoja kimoja au mpaka seti nzima?

Fundi_Gesi

Zinauzwa vipande, unakuta na kamba yake ya mpira ya kupitisha ndani. Pima unene wa nje wa fito kwa milimita siyo kwa macho, zikipishana kidogo tu haziingiani. Na pale palipotoboka shona kwanza ndo uzibe na gundi ya kuziba mishono ya hema, tepu ikilowa inabanduka.