Timu ikiwa hoi: tuvumilie au tuifumue? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam.

Timu yoyote kubwa ikipoteza mechi tatu mfululizo, ugomvi wetu unakuwa uleule. Wengine wanataka kocha afungashiwe virago usiku huohuo, wengine wanasema mwacheni apewe muda. Safari hii naomba tusirushiane maneno. Kila mtu aeleze alichokiona kwa timu yake: msimu gani, uongozi ulifanya nini, na baada ya hapo kikatokea nini.

Naanza na yangu. Mimi ni Arsenal. Agosti 2021 tulifungua ligi kwa Brentford, ambao ndiyo kwanza wamepanda daraja, wakatupiga 2-0. Chelsea wakaja kwetu, 2-0 tena. Tukaenda kwa Man City tukala tano, na Granit Xhaka akalimwa nyekundu kipindi cha kwanza. Mechi tatu, pointi hakuna, bao hakuna, tunashika mkia. Na tulikuwa tumetoka kumaliza nafasi ya nane misimu miwili mfululizo. Siku ile ya City mwenzetu mmoja, mtu mpole kuliko wote tunaoangalia nao mpira, alinyanyuka baada ya bao la tatu akazima televisheni. Hakuna aliyemwambia aiwashe.

Kocha wetu Mikel Arteta hakufukuzwa. Tukamaliza wa tano, halafu wa pili misimu mitatu mfululizo. Sasa watu wakisimulia habari hii wanasema mnaona, subira imelipa. Mimi naomba mwangalie vizuri. Aliyevumiliwa ni kocha peke yake. Kikosi kilifumuliwa mpaka nyuzi za mwisho. Mesut Ozil alishaondoka Januari 2021. Aubameyang, nahodha aliyetufungia mabao yote mawili fainali ya Kombe la FA 2020, alivuliwa kitambaa na Februari 2022 akawa mchezaji wa Barcelona. Kwenye dirisha la kiangazi 2021 waliingia White, Ramsdale, Odegaard, Tomiyasu, Lokonga na Nuno Tavares, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amevuka miaka 23. Tulipotoka kwa City, mechi iliyofuata ilikuwa na Norwich. Langoni Ramsdale, nyuma Tomiyasu, White, Gabriel na Tierney. Kati ya hao watano, aliyeanza kule kwa City ni Tierney tu. Tukashinda 1-0, na timu ikaanza kutembea.

Kwa hiyo nikisikia neno subira, huwa nauliza: anasubiriwa nani, na wakati tunasubiri kinabadilishwa nini? Karibuni.

Shabiki wa Enzi za Redio

Mkuu umeligusa jambo ambalo sisi wa Manchester United tumelipotosha kwa miaka mingi. Kila kocha wetu akiyumba, kuna mtu lazima aseme "hata Ferguson alivumiliwa". Ni kweli. Alikuja Novemba 1986, Septemba 1989 City wakatupiga 5-1, msimu ule tukamaliza wa 13. Januari 1990 tulikwenda kwa Nottingham Forest kwenye FA huku kila mtu akisema akifungwa anaondoka. Mark Robins akafunga bao moja, tukapita, na Mei tukabeba kombe. Ubingwa wa ligi ulikuja 1993, baada ya miaka 26.

Ila wanaosimulia huwa wanaruka kipande kimoja. Kiangazi cha 1989 mzee aliwauza Norman Whiteside na Paul McGrath, vipenzi vya mashabiki kabisa. Akawaleta Gary Pallister, Paul Ince, Neil Webb, Mike Phelan. Alikuwa ameshaanza kuisuka upya idara ya kusaka vijana, na huko ndiko alikotokea Ryan Giggs. Yule mtu alikuwa akibomoa na kujenga kila siku. Bodi ilimvumilia mtu aliyekuwa kazini.

Linganisheni na baada ya 2013. David Moyes alipewa mkataba wa miaka sita, msimu wake wa kwanza haukuisha. Akaja Van Gaal, akaja Mourinho, Solskjaer, Ten Hag, Amorim. Kila mmoja na mpira wake, kila mmoja na watu wake, na anayefuata anawarithi watu asiowataka. Angel Di Maria alinunuliwa 2014 kwa fedha iliyovunja rekodi ya Uingereza, baada ya msimu mmoja akauzwa. Msimu wa 2024/25 tukamaliza wa 15 na fainali ya Europa League tukafungwa na Tottenham, ambao wenyewe ligi walimaliza wa 17. Kijana wangu amezaliwa baada ya ubingwa wetu wa mwisho. Ananisikiliza nikimsimulia habari za Keane na Scholes kwa adabu tu, naona kabisa haamini. Hilo linaniuma kuliko kipigo chochote.

Dakika ya Tisini

Ndugu zangu, mimi ni Chelsea, na sisi tunafukuza halafu tunabeba. Machi 2012 Villas-Boas aliondolewa, akakaimu Di Matteo, Mei tukachukua ubingwa wa Ulaya kwa penalti, ndani ya Munich, mbele ya Bayern wenyewe. Januari 2021 akaondolewa Frank Lampard. Nilisikitika sana, maana yule ni mfalme wetu. Akaja Tuchel, Mei ileile Havertz akamfunga Man City na kombe likarudi. Mngetuambia tusubiri, tungekuwa tunasubiri mpaka leo.

Lakini nikubaliane na mwanzisha mada kwa jambo moja, maana nimeliona kwa macho. Tuchel hakuja na mchezaji hata mmoja. Alipanga mabeki watatu wa kati, akamwamini Rudiger ambaye mwanzoni mwa msimu alikuwa anasugua benchi, basi. Timu ilikuwepo, ilikuwa haijapata mpangaji. Sasa njooni 2022/23. Mmiliki mpya, Septemba Tuchel akaondoka, akaja Potter, wachezaji wakawa wanasajiliwa kwa makundi, Aprili Potter naye akaondoka, Lampard akarudi kukaimu. Tulimaliza wa 12. Msimu ule nilikuwa naangalia mechi naona watu wenye vipaji vikubwa wanapasiana mpira kama abiria waliokutana kituoni. Winga anakimbia, kiungo anatoa pasi mguuni. Beki anapanda, hakuna wa kumzibia. Mmoja mmoja wote wazuri.

Mbweha wa Zamani

Mimi nitakuwa mfupi kwa sababu bado kidonda kibichi. Leicester, 2022/23. Wakati wa kufumua kikosi ulikuwa ule wa kiangazi, Schmeichel ameondoka, Fofana ameuzwa Chelsea, na walioingia ni wa kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Tukaambiwa tuwe watulivu, Brendan Rodgers ametupa FA ya 2021. Aliondolewa Aprili, zimebaki mechi kumi, tumeshazama kwenye mstari wa kushuka. Tukashuka. Waswahili wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi yalituuma.

Na nisemwe vyovyote, klabu hiihii 2014/15 ilikuwa ya mwisho Krismasi, ikamwacha Nigel Pearson aendelee, tukashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kubaki. Msimu uliofuata, chini ya Ranieri, tukawa mabingwa. Tofauti niliyoiona ni moja. Mwaka wa Pearson tulikuwa tunafungwa 1-0, 2-1, tunabanana mpaka filimbi ya mwisho. Mwaka wa Rodgers tukifungwa bao la kwanza vichwa chini, mechi imekwisha.

Msomaji wa Bundesliga

Nyongeza kutoka Ujerumani. Schalke 2020/21 walitumia makocha watano ndani ya msimu mmoja, na walishapitisha mechi 30 za ligi bila ushindi. Wakashuka. Freiburg walishuka 2015 wakambakisha Christian Streich palepale, mwaka uliofuata wakapanda, na akaendelea nao mpaka 2024. Lakini msiseme nachagua mifano ya upande mmoja: Leverkusen Oktoba 2022 walikuwa wa pili kutoka mkiani, wakambadilisha kocha, akaja Xabi Alonso. Msimu wa 2023/24 wakachukua ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi.

Beki wa Kushoto

Habari wadau. Nyie mnaandika kama mashabiki, mimi niwape ya ndani. Nilicheza soka la kulipwa madaraja ya chini misimu kadhaa mpaka goti liliponisimamisha. Klabu siitaji. Kuna msimu tulipita mikononi mwa makocha watatu.

Siku kocha mpya anaingia, wanaofika mazoezini wa kwanza ni wale waliokuwa hawapangwi. Viatu vimefutwa, jezi imechomekwa, kila mpira wanaukimbilia. Na waliokuwa na uhakika wa namba nao wanashtuka, wanakaza. Wiki mbili za namna hiyo mnashinda mechi, na mashabiki mnaandika "kumbe tatizo lilikuwa kocha". Kumbukeni pia kocha hufukuzwa timu ikiwa kwenye kipindi kibaya kuliko vyote, kwa hiyo mara nyingi hata angebaki matokeo yangepanda kidogo. Baada ya mwezi kila mtu anarudi kwenye uwezo wake.

Kinachobaki ni gharama. Kocha wetu wa kwanza alikuwa anacheza na mabeki watatu wa kati, akasajili watu wawili wa pembeni wa kupanda na kushuka. Wa pili akaja na 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili. Wale wawili hawakuwa mabeki kamili, wala hawakuwa mawinga kamili. Mikataba yao ilikuwa bado mirefu, mishahara inaendelea, wanakaa jukwaani. Wa tatu alitaka tukimbie. Mazoezi yakaongezwa ghafla katikati ya msimu, misuli ya nyuma ya paja ikaanza kuchanika mmoja baada ya mwingine.

Halafu kuna mazoea. Kocha wa kwanza alitufundisha mpira ukipotea aliye karibu akabe palepale, wengine wafunge njia za pasi. Wa pili akataka wote turudi nyuma ya mstari wa katikati. Mechi yake ya kwanza, mpira ukapotea, kiungo wetu mmoja akaenda mbele kukaba, mwenzake akageuka kurudi. Mimi nilikuwa kushoto naliona lile pengo linafunguka, mita kama ishirini hakuna mtu. Namba kumi wao akapokea hapo, akainua kichwa, akapiga. Kila mmoja wa wale viungo wawili alifanya alichofundishwa, na kocha aliyewafundisha si yule mmoja.

Mwanzisha mada

Mkuu Beki wa Kushoto, asante sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Naomba utuongezee. Sisi tunaangalia kwenye televisheni, hatuoni mazoezi. Mbweha amesema wakati wa Rodgers vichwa vilikuwa chini. Shabiki wa kawaida atajuaje kwamba wachezaji wameshamwacha kocha, na si kwamba wanafungwa tu kwa sababu kikosi ni kidogo au majeruhi ni wengi?

Beki wa Kushoto

Swali zuri. Usiangalie aliye na mpira. Timu yako ikiupoteza katika nusu ya mpinzani, hesabu wanaorudi kwa kasi na wanaorudi kwa kutembea. Mchezaji anayemwamini kocha wake anarudi hata akijua hafiki. Anayetembea ameshaamua. Akiwa mmoja, huyo ni tatizo la usajili. Wakiwa wanne au watano, na wengine ni wale waliokuwa wakikimbia msimu uliopita, hapo chumba cha wachezaji kimeshamkataa.

Cha pili ni mipira iliyokufa. Kona na faulo ndiyo sehemu ya mchezo inayofanyiwa mazoezi hatua kwa hatua, kila mtu amepewa mtu wake au eneo lake. Timu ikifungwa kwa kona namna ileile wiki baada ya wiki, mabeki wanaoneshana vidole, jua mambo mawili: ama hawafundishwi, ama wanafundishwa na hawasikilizi. Yote mawili yanamrudia kocha. Lakini ikifungwa kwa sababu mshambuliaji wa mpinzani ana kasi kuliko beki wako wa miaka 34, hapo hata ukimleta nani atafungwa. Fedha ya kuvunja mkataba wa kocha wakanunulie beki.

Na jambo la mwisho, angalia nafasi zinazotengenezwa. Timu inayofika golini mara nyingi na kukosa inahitaji mfungaji. Timu isiyofika kabisa, mechi tano, sita, na kikosi hakina majeruhi wengi, haina mpango. Ya kwanza mimi naitetea hata ikiwa ya 17. Ya pili nataka kocha aondoke hata ikiwa ya saba, na aondoke mapema, ili anayekuja apate dirisha la usajili na maandalizi ya msimu mpya. Mbweha, nyie mlimwondoa wenu zimebaki mechi kumi. Huyo anayekuja Aprili atafundisha nini?

Mbweha wa Zamani

Hakufundisha kitu, ndugu yangu. Muda wa kufundisha haukuwepo. Mechi, kupumzika, mechi, kupumzika, kushuka daraja.