Ziwa Ngosi kwa siku moja: tupo sita, mmoja goti linamsumbua. Naombeni ushauri

Mleta uzi
Habari zenu wadau. Tupo marafiki sita hapa Mbeya mjini, tunataka kwenda Ngosi Jumamosi moja ya Agosti na kurudi siku hiyohiyo. Tulipanga tulizunguke ziwa taratibu, mchana tule kando ya maji. Shida ni mwenzetu mmoja, goti linamsumbua tangu alipoanguka na pikipiki. Safari mbili zilizopita tulimwacha nyumbani na roho iliniuma. Je, njia ataiweza?

Uyole Kwetu
Karibuni sana. Ila hilo la kulizunguka liondoeni. Ngosi ni ziwa la kreta: maji yako chini kama mchuzi kwenye bakuli, na kuta zake ni mwinuko mkali wenye msitu pande zote. Watu hupanda hadi ukingoni, wakatazama, wakapumzika, wakarudi. Msiione ni safari nusu. Mnatembea ndani ya msitu wa Poroto, mianzi na migomba mwitu, hamuoni hata dalili ya maji. Mara miti inaachana na ziwa zima hilo hapo chini yenu, kijani, limetulia tuli.

Mkulima wa Isongole
Pandeni gari za Tukuyu, mshuke Isongole. Kutoka barabara kuu hadi msituni ni mbali, chukueni bodaboda ili goti lisichoke kabla ya kazi. Kuanzia hapo mpeni saa moja na nusu, asikimbizwe. Mwanzoni njia ni nzuri, karibu na juu ndipo inapokaza, unapanda umeshika mizizi. Agosti mmechagua vizuri, ni kukavu. Wakati wa mvua udongo ule unateleza kama sabuni. Lakini asubuhi baridi ni kali, bebeni masweta.

Mleta uzi
Asanteni sana. Vipi kushuka hadi majini? Wawili wetu wanang'ang'ania.

Nesi wa Rungwe
Ndugu yangu, mkatalie. Nilishuka mwaka juzi na wenzangu, kupanda tena tulitambaa kwa mikono, na mmoja wetu alitegua kifundo. Tulimbeba kwa zamu hadi giza likatukuta. Sisi magoti yetu yalikuwa mazima.
Na kwa huyo mgonjwa, kinachoumiza goti ni kushuka kuliko kupanda. Awe na fimbo tangu nyumbani, akanyage hatua fupi, na mwenye pumzi nyingi atembee nyuma yake, asitangulie. Chukueni kijana wa pale kijijini awaongoze. Ikifika saa saba mchana muwe mmeanza kurudi, maana ukungu ukishuka hamtaliona ziwa wala njia.

Mleta uzi
Nimewasomea wenzangu wote watano. Tutakula ukingoni, majini hashuki mtu. Mwenye goti ameshaazima fimbo ya babu yake.