MJADALA: DVD niliyoilipia ikikataa kucheza, kuifungua kwa nguvu ni kosa?

Mkazi wa Umoja (mleta mada)

Wadau, naleta hoja. Dada yangu anaishi Marekani. Kila mtu anayerudi nyumbani humpa DVD chache aniletee, halisi kabisa, za dukani, risiti imo ndani. Nikiiweka kwenye kompyuta naambiwa diski si ya eneo langu. Ile ya kuchomwa ya shilingi hamsini ninayouziwa pale mjini inacheza bila kuuliza swali.

Kwa asiyejua: DVD zilipoanza kuuzwa, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani 1997, kampuni za filamu ziliigawa dunia kwa namba. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya, Japani, Misri na Afrika Kusini, la 2. Sisi Kenya tuko la 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi. China imepewa la 6 peke yake. Hata ndege na meli zina lao, la 8. Sababu ilikuwa kwamba enzi zile filamu ilimaliza kwanza kumbi za sinema za Marekani ndipo ikapelekwa kwingine, na wenyewe hawakutaka DVD iwatangulie huko. Sababu ya pili ni bei: wauze ghali kwa mwenye nacho na rahisi kwa asiye nacho, bila mmoja kununua kwa mwenzake. Siku hizi filamu kubwa mara nyingi inafika Nairobi wiki ileile inayoonyeshwa New York, lakini kufuli bado lipo.

Msimamo wangu: kunakili na kuuza ni wizi, sibishi. Kutazama sebuleni kwangu kitu nilichokilipia hakumpunguzii mtu hata senti. Sheria yetu itamke hivyo waziwazi.

Mtayarishaji, River Road

Mimi nakula kwa filamu, kwa hiyo nitasema bila kupaka mafuta. Kila mwizi huanza na "lakini nilinunua". Programu inayofungua diski ili utazame ndiyo hiyohiyo inayofungua ili uchome nakala mia. Huwezi kunishawishi kwamba kisu chako kinajua kukata mkate tu.

Mkazi wa Umoja

Filamu zako zina kufuli la eneo?

Mtayarishaji, River Road

Hazina. Zetu tulizitoa kwa maeneo yote. Na zilinakiliwa kabla sijamaliza kuwalipa waigizaji.

Mkazi wa Umoja

Na za Hollywood zenye kufuli zilinakiliwa vilevile, zikauzwa meza moja na zako. Anayenakili huliondoa kufuli mara moja tu, na kila nakala yake inatoka bila eneo. Anayebaki amefungiwa nje ni aliyenunua halali.

Fundi wa Luthuli

Kabla hamjafika mahakamani, tuelewane kwanza ni nini kinachokataa. Tangu 2000, draivu za DVD za kompyuta zinatunza namba ya eneo ndani ya draivu yenyewe. Haimo kwenye Windows, kwa hiyo wale wanaokuja kuniambia "nimeshafomati mara mbili" wanajichosha bure. Unaruhusiwa kubadilisha eneo mara 5. Ukifungua orodha ya vifaa, ukaingia kwenye sifa za draivu, kuna ukurasa wa eneo: majina ya nchi juu, na chini kabisa idadi ya mabadiliko yaliyobaki. Ikifika 0, eneo la mwisho ulilochagua ndilo la kudumu.

Sasa hapa Nairobi tuna balaa letu la ziada. Kompyuta nyingi tunazonunua ni ex-UK. Draivu imetoka Uingereza ikiwa eneo la 2, na hujui mwenyewe wa kwanza alitumia nafasi ngapi. Mteja anaweka DVD ya Marekani, ujumbe unatokea, mtoto anabofya "sawa" bila kusoma. Kesho anaweka ya Ulaya, anabofya tena. Ikinifikia mimi mezani imebaki 1. Hapo namwambia mteja asiguse kitu chochote.

Ndiyo maana watu wanakimbilia VLC, tena tangu Windows 8 ya 2012 hata uwezo wa kucheza DVD hauji na Windows yenyewe. VLC ni programu ya bure ya kuchezea video, ilianza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale huko Paris. Ndani yake mna kipande kiitwacho libdvdcss kinachoutafuta ufunguo wa diski chenyewe, bila kujali draivu imewekwa eneo gani. Kwenye draivu nyingi inakubali. Zipo za laptop zinazogoma kabisa kutoa data eneo lisipolingana, na hapo VLC haina la kufanya.

Asiyetaka kesi anunue draivu ya pili ya USB, aiweke eneo la 1, aiache hapohapo. Na wanaouliza habari za PAL na NTSC, ile mifumo ya picha inayotofautiana nchi na nchi, hiyo ilikuwa shida ya televisheni. Kompyuta haijali.

Mwanafunzi wa sheria, Parklands

Fundi amegusa penyewe, pengine bila kukusudia. Diski ina vitu viwili. Kuna CSS, yaani usimbaji unaofunga picha zenyewe, halafu kuna namba ya eneo. Kubadilisha eneo la draivu ndani ya zile nafasi 5 hakukwepi chochote, ni haki uliyopewa na aliyeitengeneza. VLC inapoivunja CSS, hapo ndipo kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinapoamka, kwa sababu kinahesabu kukwepa kinga ya kiteknolojia kuwa ukiukaji.

Wenzetu wamepita hapa. Norway walimshtaki kijana Jon Johansen kwa DeCSS, programu ya kuivunja hiyo CSS, iliyotoka 1999. Akaachiliwa Januari 2003, na rufaa ikaishia vilevile Desemba mwaka huohuo. Mahakama iliona mtu ana haki ya kuifikia DVD aliyoinunua. Australia, 2005, mahakama yao ya juu kabisa ilikataa hoja ya Sony dhidi ya Stevens, fundi aliyekuwa akiuza chipu za kufungua kizuizi cha PlayStation, mashine ya michezo: kizuizi kisichozuia kunakili hakikuwa kinga kwa maana ya sheria yao ya wakati ule. New Zealand hawakungoja kesi. Mwaka 2008 waliandika ndani ya sheria kwamba kizuizi cha kugawa soko kijiografia, kwa nakala halali, hakihesabiwi kuwa kinga.

Mkazi wa Umoja

Sentensi hiyo ya New Zealand ndiyo ninayoitaka hapa. Na Ibara ya 46 ya Katiba ipo upande wangu, haki za mlaji.

Mtayarishaji, River Road

Na Ibara ya 40 ipo upande wangu. Serikali imeagizwa kulinda hakimiliki za watu wa Kenya.

Mkazi wa Umoja

Kufuli la eneo la 1 linamlinda Mkenya gani?

Kijana wa Rongai

Mnabishana DVD jamani? Laptop yangu haina hata mahali pa kuiweka 😂

Mwalimu, Buruburu

Mwanangu, wewe una bando. Sisi shuleni tuna sanduku zima la DVD za sayansi tulizopewa na wafadhili, nusu yake za eneo la 1, na intaneti ni ya kubahatisha. Halafu huko unakotazama mtandaoni hujawahi kuambiwa filamu haipatikani nchini mwako? Ugawaji ni uleule, umehama tu.

Mtayarishaji, River Road

Kwa mwalimu nalegeza. Iandikwe hivi: mtu binafsi au shule, diski halisi, kwa kutazama tu. Lakini anayechukua pesa kufungua diski za watu asiguswe na msamaha huo, maana hapo ndipo biashara ya kunakili inapoanzia.

Fundi wa Luthuli

Mkubwa, hapo umenitaja mimi.

Mkazi wa Umoja

Hilo sikubali. Walimu wangapi wanajua libdvdcss ni nini? Haki bila fundi ni ya karatasi tu.

Fundi wa Luthuli

Ngoja nielewe. Mwalimu akifungua mwenyewe ni halali, akinilipa mia mbili nimfungulie, mimi mahakamani?

Mtayarishaji, River Road

Ndiyo.