Naombeni ushauri: muvi na riwaya za mapenzi na fantasia ambazo familia nzima inaweza kukaa nazo bila kugombania rimoti

Baba_Wawili

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Binti ni msomaji balaa, na anachotaka ni kitu kimoja tu, stori za mapenzi zenye majoka, wafalme, viumbe vya ajabu na uchawi, ukimpa kitabu cha kawaida anakurudishia kesho yake anasema hakina ladha. Mimi sina neno, bora anasoma kuliko kushinda kwenye simu. Ila juzi mama yake kachukua kitabu alichokuwa nacho, kinaitwa Fourth Wing, kafungua katikati kasoma kurasa mbili tatu akaja kunionyesha bila kusema kitu. Wakuu yale ni mambo ya chumbani kabisa, tena yameelezwa hatua kwa hatua. Na jalada lenyewe la dhahabu, majoka, yaani huwezi kudhani.

Sasa nyumbani kuna kambi mbili, mama anataka vyote vifungiwe, binti kanuna hasemi na mtu, na mimi niko katikati kama refa. Naomba waliosoma na walioangalia waniambie, kuna riwaya na muvi gani za aina hiyo zenye mapenzi ya ukweli lakini staha ipo? Na muvi ziwe za kuangalia wote sebuleni, hata yule wa miaka 9 asilale usingizi wala asiote ndoto mbaya. Na je hizi alama za umri tuziamini?

Kijiti_Kikavu

Ngoja waje wenye uzoefu, na mimi nina wa miaka 12 ananisumbua hivyo hivyo. Nimekaa paleee.

Mama_Kurasa

Baba Wawili pole, na mwambie mkeo, mwenzangu wa mapambano, asijilaumu, hili limewapata wazazi wengi sana. Fourth Wing ya Rebecca Yarros imetoka 2023 na ni kitabu cha watu wazima tangu siku ya kwanza, mhusika mkuu mwenyewe ana miaka 20 na yuko chuo cha kijeshi ambako wanafunzi wanakufa kila kukicha. Shida ni kwamba kinasifiwa sana TikTok na wanaokisifia ni watu wa rika zote, mtoto anaona majoka na mapenzi basi anataka.

Na kuna lingine la kujua, A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas. Hicho kilipotoka 2015 kiliuzwa kwenye rafu za vijana, halafu 2020 wakakibadilisha majalada na kukiuza kama cha wakubwa. Kwa hiyo ukikuta nakala ya zamani imekaa pamoja na vitabu vya vijana usidanganyike, na kadiri mfululizo unavyoendelea ndivyo mambo yanavyokolea.

Muvi angalau zina alama, vitabu havina kitu kama hicho. Na usiishie kukagua sura ya kwanza, kwenye riwaya za aina hii zile sehemu nzito mara nyingi huja baada ya nusu, mwandishi anawavuta vuta kwanza wagombane, waokoane, ndio baadaye sana mlango unafungwa. Au haufungwi, hapo ndio shida ilipo. Swali langu la kwanza kwa kila riwaya ya mapenzi ni hilo, mlango unafungwa au unaachwa wazi?

Kwa binti wa 14 mimi ningeanza na Ella Enchanted ya Gail Carson Levine, ya 1997. Ni ile stori ya Cinderella lakini imegeuzwa, Ella alipozaliwa alipewa "zawadi" na kiumbe mmoja kwamba atakuwa mtiifu daima, kwa hiyo mtu yeyote akimwamrisha lazima atii, hata akiambiwa jambo la kumdhuru. Halafu anampenda mwana wa mfalme, anaitwa Char, wanaandikiana barua, wanachekeshana, mapenzi yanakua taratibu. Na mwisho (samahani namwaga mchele) laana inakatika pale anapomkatalia ombi la ndoa, kwa sababu anajua wabaya wanaweza kumtumia yeye kumuua mumewe. Anampenda mno ndio maana anakataa, na kule kukataa ndiko kunakomfungua. Mimi sijaona riwaya nyingine ya watoto iliyolieleza suala la utii na mapenzi vizuri hivyo, na hakuna hata ukurasa mmoja wa kuficha. Muvi yake ya 2004 aliyocheza Anne Hathaway ni kitu kingine kabisa, nyimbo na vichekesho, na hata laana inakatika kwa njia nyingine. Inafaa kwa yule wa miaka 9, ila kitabu kwanza.

Mzee_wa_Pazia

Kuhusu alama za umri. PG maana yake mtoto aangalie kwa mwongozo wa mzazi, na PG-13 ni tahadhari zaidi kwa walio chini ya miaka 13. PG-13 ilianza Marekani 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba kuna muvi za PG zinatisha mno, ikawekwa katikati ya hizo na za wakubwa. Inakusaidia kujua kiasi cha damu, matusi na nguo kuvuliwa. Haikuambii kama huyo kijana anayependwa ni mtu wa maana au ni jitu la wivu. Hilo lazima uangalie mwenyewe. Mimi huwa napitia IMDb, tovuti ya taarifa za muvi, kuna sehemu ya mwongozo wa wazazi, watu wameandika kila kipande, nani kabusu nani, tusi gani limetajwa. Common Sense Media nao wanafanya kazi hiyo mpaka kwa vitabu. Dakika tano tu umemaliza.

Muvi ya familia kwa maombi yako namba moja ni The Princess Bride, 1987, ya Rob Reiner. Babu anamsomea mjukuu anayeumwa kitabu, mjukuu analalamika mbona kuna mabusu mabusu, kwa hiyo dogo wako wa miaka 9 atajiona yeye mle ndani. Mapanga, jitu kubwa lenye roho nzuri, maharamia, na mapenzi ya Westley na Buttercup ambayo ni safi. Imepewa PG lakini nikutajie vya kujiandaa: kuna panya wakubwa kama mbwa, kuna mashine ya kutesea, kuna tusi moja karibu na mwisho kwenye lile pambano la kulipiza kisasi cha baba, na kuna sehemu fupi Buttercup anachukua kisu anataka kujiua halafu Westley anaongea anamzuia. Hii ya mwisho wengi hawaitaji na kwa msichana wa 14 ni jambo la kuongelea, msiipite hivi hivi.

Kitabu chake cha William Goldman (1973) ni kizuri ila kina kejeli za mtu mzima, mwandishi anajifanya anafupisha kitabu cha mtu mwingine ambaye hata hayupo. Mtoto wa 14 mjanja atakielewa, wa 9 atachoka.

Ya pili Stardust, 2007, hiyo ni PG-13. Nyota imeanguka ikawa msichana, kijana anaifuata akampelekee mwanamke asiyempenda, huku wachawi watatu wanautaka moyo wa hiyo nyota warudi ujanani. Nzuri sana, Robert De Niro nahodha wa meli ya angani anachekesha balaa. Wana wa mfalme wanauana wao kwa wao na mizimu yao inabaki inachungulia, imewekwa kama kichekesho lakini dogo anaweza kuuliza maswali. TAHADHARI: muvi ndiyo, kitabu chake hapana kwa sasa, kitabu kina kipande cha wakubwa mapema tu mwanzoni.

Msimamo_Mmoja

Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Mnamtafutia mtoto wa miaka 14 stori za mapenzi za nini? Tena na uchawi juu. Kinachoingia kichwani hakitoki. Mama yuko sahihi, fungia yote asome mambo ya maana, mapenzi atayakuta mbele.

Binti_wa_Njozi

Msimamo Mmoja shkamoo, mimi nina miaka 21 na nilifungiwa kama unavyosema, matokeo yake nilisoma Twilight yote, vile vitabu vya msichana Bella na kijana vampaya Edward, chini ya shuka kwa mwanga wa simu na hakukuwa na mtu wa kuniuliza swali hata moja. Na ukisikia watu wanasema Twilight ni salama kwa sababu wanasubiri mpaka ndoa, ni kweli wanasubiri, ila mimi kilichonikaa kichwani siyo hicho. Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku anamwangalia akiwa amelala, yeye hajui. Kitabu cha tatu, Eclipse, anaharibu gari la Bella makusudi asiende kumuona rafiki yake Jacob. Kitabu cha pili kijana akiondoka msichana anakuwa kama maiti miezi na miezi. Na vyote vinaelezwa kwa lugha tamu kweli, nikiwa na 13 niliamini kupendwa ndio huko. Hakuna alama ya umri itakayokwambia hayo.

Kwa hiyo Baba Wawili mimi siwezi kusema asisome Twilight, naona asome na wewe au mama asome pia halafu mmuulize tu swali moja, huyu kaka angekuwa siyo mzuri wa sura wala siyo vampaya, ni jirani tu, ungefanyaje akiingia chumbani kwako usiku? Basi. Usimhutubie, ukihutubia ameshakufunga masikio. Ila kile cha nne, Breaking Dawn, kiacheni kwanza, pale kwenye kujifungua panatisha, hata mimi niliruka.

Msimamo_Mmoja

Marahaba binti. Hoja ya jirani nimeipenda. Lakini uchawi bado.

Mwl_Zamani

Ndugu Msimamo Mmoja, stori zenye majini na miujiza si ngeni kwetu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert mbona ina jini, ina watu waliogeuzwa manyani wanaochapwa kila usiku, na tumekisoma bila kwenda kwa mganga. Cha kuangalia ni uchawi unafanya kazi gani mle ndani. Ukiwa ni adhabu ya wivu, au mtihani wa tabia, mtoto anauelewa. Ukiwa ni mapambo ya kufunika upuuzi, hapo nakuunga mkono.

Ila mzazi anayetaka Alfu Lela U Lela aangalie sana anachukua chapa gani. Zile zilizopunguzwa kwa ajili ya watoto hazina neno, tafsiri kamili zina mambo ya wakubwa kuliko hicho cha majoka mnachokilalamikia.

Baba_Wawili

Aisee asanteni, nimeshaandika majina pembeni. Maswali mawili. Binti aliposikia Ella Enchanted kasema anaona kama ya kitoto, maana Cinderella. Kuna kitu cha kati hapo, asijione amerudishwa chekechea? Na pia mama watoto ana wasiwasi na muvi zenye mashetani, The Princess Bride nimeona haina, sasa nyingine?

Mama_Kurasa

Hahaha huyo binti simlaumu, 14 ndio umri wa kujiona umekua. Mpe Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones (1986). Sophie ni msichana wa duka la kofia, mchawi mmoja mwenye wivu anamgeuza bibi kizee, anaondoka nyumbani na kwenda kuwa mfagizi kwenye kasri linalotembea la Howl, kijana mchawi mtanashati, muoga, anajipenda kupita kiasi, nywele zake zikiharibika rangi nyumba nzima inapata tabu. Uzuri wake ni kwamba Sophie anampenda akiwa ameshaona kasoro zote, na anamsema usoni, kwa sababu akiwa kwenye umbo la kizee haogopi mtu. Wanagombana kitabu kizima na hakuna chumbani hata kidogo. Binti anayezoea wale vijana wakamilifu wasio na doa atakuta kitu cha tofauti na hakuna atakayemwambia ni cha kitoto.

Sasa nikwambie ukweli mapema ili mama asishtukie, mle kuna kiumbe anaitwa Calcifer, ni moto wa jikoni unaoongea, na kwenye kitabu anaitwa shetani wa moto. Kwa kweli ni nyota iliyoanguka, mlalamishi, anataka kuni tu, wala hamna ibada wala nini. Lakini kama kwenu jina hilo ni shida, bora mama asome kwanza ndio aamue.

Mzee_wa_Pazia

Naongezea, muvi yake ni ya Kijapani, katuni ya Hayao Miyazaki ya 2004, PG. Tofauti kubwa ni vita, kwenye muvi kuna ndege zinapiga mabomu na miji inaungua, kitabu hakina hayo. Na kuna viumbe vyeusi vya ute vinawafukuza mwanzoni, dogo akae karibu na mama yake kwa dakika hizo. Mapenzi ni busu tu.

Na kama mnataka ya kucheka kwanza, Enchanted ya 2007. Binti wa kwenye katuni anatupwa New York ya kweli, anaimba kuita wanyama wamsaidie usafi wanakuja panya na mende. Inacheka ile tabia ya kumpenda mtu leo na kumuoa kesho, na mwishoni msichana ndiye anayeshika upanga kwenda kumuokoa mwanaume. PG pia.

Binti_wa_Njozi

Enchanted naiunga mkono kwa mikono miwili. Na akishamaliza hizo zote mpe muvi ya Pride and Prejudice ya 2005, haina fantasia ila yule kijana Darcy atamtosha 😂 PG, hamna kitu cha kuficha, toleo la Uingereza halina hata busu.

Baba_Wawili

Mama kakubali kusoma Howl kwanza, kwa masharti kwamba na mimi nisome. Wikiendi hii tunaanza na The Princess Bride. Hiyo ya Miyazaki mdogo hawezi kusoma maandishi ya chini yanakimbia, kuna ya Kiingereza?

Mzee_wa_Pazia

Ipo, na imefanywa vizuri. Howl ni sauti ya Christian Bale, na Calcifer ni Billy Crystal, yule yule aliyecheza mzee mtengeneza miujiza kwenye The Princess Bride. Mwambie dogo aisikilize atamjua.