Naomba ushauri: bafu la chini ya paa, mvuke hauna pa kutokea

Wakuu habari zenu, nina kabafu kadogo juu, tumekabananisha chini ya paa nyumba ya huku Njombe, siling imelala kufuata bati pande zote mbili kwa hiyo ukuta uliosimama wima ni mmoja tu na wenyewe umeliwa na mlango na sinki, dirisha halina pa kukaa. Na baridi ya Njombe mwezi wa 6 na wa 7 mnaijua, mtu akioga maji ya moto mvuke unagonga jipsam unageuka maji, sahivi kona ya juu ina ukungu mweusi na shemeji yenu analalamika taulo hazikauki.

Fundi mmoja kasema niweke tu feni ya kunyonya hewa itupie huko juu ya siling yaishe, nikakataa, unyevu si utaishia kwenye kenchi mbao zioze? Mwingine anataka kutoboa bati apitishe bomba la inchi 4 aweke na kofia, ila kwa mvua za huku nani ananihakikishia halivuji?

Mi nawaza bomba lipite juu ya siling litokee ukuta wa mwisho wa nyumba, liinamie nje kidogo ili matone yasirudi kwenye feni. Ni mita 4 hivi, feni ya kawaida itasukuma kweli au nitafute ile ya kufunga katikati ya bomba? Halafu chini ya mlango niache upenyo kiasi gani hewa iingie, sentimita 1 inatosha?